Kufuata na Kuletewa: Istilahi za Kiswahili kuhusu Upashaji Habari wa Papo Hapo

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi maandishi mapya yanavyowafikia papo hapo watu waliojiandikisha kuyapokea kwa njia ya intaneti, na kuchunguza kama istilahi zinazotumika katika Kiswahili kulitaja jambo hilo zinalieleza sawasawa. Jambo lenyewe ni la kiufundi, lakini haliwahusu mafundi peke yao. Mwalimu wa lugha ndiye anayeulizwa neno. Naye akilitoa neno pasipo kuijua kazi ya kitu chenyewe, hutoa jina la kitu kingine.

Mifano mingi imechukuliwa kutoka Plateau, kusini-mashariki ya Eldoret, katika nyanda za juu za Uasin Gishu nchini Kenya. Sababu za kupachagua mahali hapo ni mbili. Kwanza, Plateau ni kituo cha reli katika njia itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ambako reli ilifika mwaka 1924. Na kituo cha reli ni kielelezo kizuri cha mambo yatakayoelezwa. Pili, wakazi wa huko ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima wa mahindi na ngano. Maneno kama malisho, kituo na ujumbe ni maneno yao ya kila siku, na ndiyo hayo hayo ambayo waundaji wa istilahi wameyachukua na kuyapa maana mpya. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimo katika eneo hilo hilo la Uasin Gishu, na kwa hiyo swali la istilahi hizi huweza kuulizwa darasani na mwanafunzi ambaye asubuhi yake ilianzia zizini.

2. Njia mbili za kupata habari

Mtu anayetaka kujua kama kuna jambo jipya ana njia mbili. Ama aende mwenyewe kuuliza, ama asubiri aletewe. Mfugaji wa Plateau anayetaka kujua bei mpya ya maziwa aweza kwenda kila asubuhi mahali maziwa yanapokusanywa, akasoma ubaoni. Siku nyingi atakuta bei ni ile ile ya jana, na mwendo wake utakuwa wa bure. Aweza pia kuacha jina lake kwa karani, na siku bei itakapobadilika akatumiwa mjumbe. Njia ya kwanza inamchosha mwulizaji. Ya pili inahitaji orodha ya majina, na mtu wa kuitunza.

Katika wavuti njia ya kwanza ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1999 kampuni ya Netscape ilitoa muundo uitwao RSS, ambao ulifuatwa na RSS 2.0 mwaka 2002 na muundo mwingine uitwao Atom mwaka 2005. Miundo hiyo yote hufanya kazi moja. Mwandishi au gazeti huweka, pamoja na maandishi yake, faili moja ndogo ambayo ni orodha ya maandishi ya karibuni: kichwa cha habari, tarehe, anwani, na pengine muhtasari au maandishi yote. Msomaji hana haja ya kuzungukia tovuti hamsini. Programu yake huzisoma orodha hamsini kwa niaba yake na kumwonyesha yale ambayo hajayaona.

Lakini programu hiyo nayo haijui ni lini orodha itabadilika. Ni lazima iende kuuliza mara kwa mara. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme kuna wasomaji 1,000, na programu ya kila mmoja huuliza kila baada ya dakika 30. Kila programu itauliza mara 48 kwa siku, yaani mara 336 kwa juma. Kwa wasomaji wote, seva ya mwandishi itajibu maswali 336,000 kwa juma. Ikiwa mwandishi hutoa makala moja tu kwa juma, basi majibu 1,000 yatakuwa na habari, na 335,000 yatakuwa ya kusema kwamba hakuna jipya. Ni kweli kwamba jibu hilo la kukana hufupishwa sana: seva hujibu kwa namba 304, ambayo maana yake ni kwamba faili haijabadilika. Hata hivyo swali limekwisha kuulizwa, na jibu limekwisha kutolewa. Na pamoja na taabu yote hiyo, makala mapya humfikia msomaji baada ya wastani wa dakika 15, wala si papo hapo.

3. Kazi ya kituo

Mwaka 2009 Brad Fitzpatrick na Brett Slatkin, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Google, walitoa utaratibu ulioitwa PubSubHubbub. Mwezi wa Januari 2018 shirika la W3C, ambalo huweka kanuni za wavuti, liliupitisha kuwa kanuni rasmi kwa jina la WebSub. Utaratibu huo unaongeza mtu wa tatu kati ya mtoaji na mpokeaji. Mtu huyo wa tatu ni seva inayotunza orodha ya waliojiandikisha. Katika makala haya itaitwa kituo, kwa sababu zitakazoelezwa baadaye.

Hatua zake ni hizi. Kwanza, mtoaji huandika katika orodha yake ya maandishi anwani ya kituo anachokitumia. Pili, programu ya mpokeaji inaposoma orodha hiyo mara ya kwanza huiona anwani hiyo, kisha hukiandikia kituo ikieleza mambo mawili: ni orodha gani inayoitaka, na habari ziletwe wapi. Tatu, kituo hakikubali papo kwa papo. Hutuma neno la siri la kubahatisha kwenye anwani iliyotajwa, na anwani hiyo hutakiwa kulirudisha neno lile lile pamoja na kukiri kwamba kweli inazitaka habari hizo. Lengo ni kuzuia mtu mmoja asimwandikishe mwingine bila ya ridhaa yake. Nne, mwandishi anapotoa makala mapya, hukijulisha kituo mara moja tu. Kituo huyachukua na kuwapelekea wote walioandikwa katika orodha. Kazi hii huchukua muda mfupi sana, mara nyingi sekunde chache. Tano, uandikishaji una mwisho. Kituo hutaja muda wake, na mpokeaji asipoufanya upya kabla ya muda kwisha, jina lake hufutwa.

Kwa mfano uliotolewa hapo juu, maswali 336,000 ya juma zima hugeuka kuwa taarifa moja kutoka kwa mtoaji na mapelekeo 1,000 kutoka kituoni. Hakuna anayeuliza bure.

Utaratibu huu una sharti moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Mpokeaji ni lazima awe na anwani ya kudumu inayoweza kufikiwa na kituo wakati wowote. Simu iliyomo mfukoni mwa mfugaji haina anwani ya namna hiyo. Kwa hiyo habari hupelekwa kwanza kwa seva ya huduma fulani ya usomaji, na kutoka hapo hufika simuni kwa njia ya mitambo ya kampuni iliyotengeneza mfumo wa simu. Kati ya mwandishi na msomaji basi pana vituo viwili au vitatu, wala si kimoja.

4. Uchunguzi wa istilahi zilizopo

Istilahi ya kwanza ya kuchunguzwa ni mlisho, ambayo hutumika kuitaja ile orodha ya maandishi ya karibuni. Ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kisarufi haina kasoro: kitenzi ni -lisha, ambacho ni hali ya kutendesha ya -la, na kiambishi cha ngeli kimetumika ipasavyo. Kasoro imo katika maana. Katika Kiswahili anayelisha ni mwenye nguvu ya kuchagua chakula, na anayelishwa ni mtoto, mgonjwa au mnyama. Plateau neno malisho ni majani, na swali la kwanza litakaloulizwa ni malisho ya ng'ombe wa nani. Zaidi ya hayo, faili inayotajwa hailishi mtu. Imekaa mahali pake ikisubiri kusomwa, na msomaji ndiye anayeiendea. Neno linampa mtendaji kazi asiyoifanya na kumnyima msomaji kazi anayoifanya. Orodha ya mapya, ingawa ni ndefu kidogo, yasema kweli.

Istilahi za pili ni kuvuta na kusukuma, zitumikazo kuzitofautisha zile njia mbili. Nazo zimefuata Kiingereza. Katika Kiswahili mtu husukuma mkokoteni au mlango, yaani kitu kisichokwenda kwa hiari, habari haisukumwi. Hata hivyo lugha inayo maneno yake kwa jambo hili hili. Anayekwenda kuchota maji husemwa amefuata maji kisimani, na mfanyakazi aliyekwenda mjini siku ya mwisho wa mwezi huweza kusemwa amefuata mshahara. Kufuata kwa maana hiyo ni kukiendea kitu mahali kilipo ili kukipata, na ndiyo kazi hasa ya ile njia ya kwanza. Tatizo ni kwamba -fuata na mfuasi yamekwisha kuchukuliwa na mitandao ya kijamii kwa maana ya kujiunga na mtu ili kuyaona anayoyaandika, na maana hiyo mpya iko karibu mno na ile ya zamani. Mwalimu atakayetumia kufuata hana budi kueleza ni kufuata kupi.

Kwa njia ya pili Kiswahili kina utajiri wake. Tendo moja huweza kutajwa kwa vitenzi viwili, kutegemea mahali anaposimama msemaji: mtoaji hupeleka, mpokeaji huletewa. Hali ya kutendea, ikiongezewa ya kutendwa, humweka mpokeaji katika nafasi ya kiima: msomaji aletewa makala. Tofauti ya -peleka na -leta yatosha kubeba maana yote iliyokusudiwa, bila ya kuongeza istilahi yoyote mpya.

Istilahi ya tatu ni kitovu, kwa ile seva iliyoko katikati. Neno hili lina faida ya kuonyesha kwamba ni katikati ya mambo. Lakini kitovu ni mahali pa kuungania tu. Hakuna anayesubiri kitovuni. Kituo, kwa upande mwingine, kimetokana na -tua: ni mahali mzigo unapotuliwa kabla ya kuendelea na safari, mahali penye orodha, karani na ratiba. Mkazi wa Plateau hahitaji kuelezwa kwamba kinachoshushwa kituoni hakikuanzia hapo wala hakiishii hapo. Watu wa simu nao walikwisha kulitumia neno hili: arafa, yaani ujumbe mfupi, hupitia katika kituo cha ujumbe, ambacho huutunza iwapo simu ya mpokeaji imezimwa, na kuutoa inapowashwa, kama muda wake haujapita.

Istilahi ya nne ni ile ya wakati. Kwa maana ya kutokawia, Kiswahili hutumia mara moja, moja kwa moja, na papo hapo. Maneno hayo yanafanana kwa mbali tu. Mara moja lina utata: hukijulisha kituo mara moja ni bila ya kukawia, au ni mara moja pasipo kurudia? Katika sehemu ya tatu hapo juu maana zote mbili ni za kweli, na ilibidi kuongeza neno tu ili ya pili idhihirike. Moja kwa moja, lililozoewa katika matangazo ya redio, lina maana ya kutopitia kwa mtu mwingine. Habari inayopitia vituo viwili au vitatu haiwezi kuitwa ya moja kwa moja hata ikifika kwa sekunde moja. Papo hapo ndilo linalotaja wakati peke yake, na kwa hiyo ndilo linalofaa.

5. Rasilimali iliyomo katika lugha

Yafaa ikumbukwe kwamba hii si mara ya kwanza kwa Kiswahili kutakiwa kukipa jina chombo cha kupeleka habari. Neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ya kwanza ni waya, lilitumika kwa mtambo wa kupeleka maandishi kwa waya, na kwa ujumbe wenyewe uliopelekwa. Baadaye likatumika kwa chombo cha kusemea, na leo hutumika kwa chombo kisicho na waya hata kidogo. Neno limedumu kwa sababu wasemaji waliling'ang'ania kwa kazi yake, si kwa umbo la kitu. Katika Kenya vitabu vya shule vililileta neno rununu kwa simu ya mkononi. Hata hivyo, sokoni watu huendelea kusema simu.

Kabla ya waya palikuwa na mbiu. Mbiu ni pembe, hasa ya nyati, iliyopigwa kuwakusanya watu ili watangaziwe jambo, na methali yasema kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Mbiu ina sifa ya upapo hapo: aliyesikia amesikia wakati ule ule. Lakini haina orodha. Humfikia kila mwenye masikio aliye karibu, na haimfikii aliye mbali hata kama alitaka sana kusikia. Kwa hiyo mbiu si jina la kufaa kwa utaratibu ulioelezwa hapa, ingawa laweza kufaa kwa tangazo la hatari linalotumwa kwa simu zote za eneo fulani.

Kitenzi -pasha kinafaa zaidi. Ni hali ya kutendesha ya -pata: kumpasha mtu habari ni kumfanya aipate. Maana ya kitenzi haikamiliki mpaka habari imefika. Mtu aliyetangaza pasipo kusikiwa ametangaza. Lakini hawezi kusemwa amempasha mtu habari. Kwa sababu hiyo upashaji habari wa papo hapo ni istilahi inayoweza kuchukua nafasi ya maelezo marefu.

6. Kujiandikisha na kusajiliwa

Istilahi iliyobaki ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mpokeaji huitwa mara nyingine msajiliwa, mara nyingine mteja, na mara nyingine husemwa tu kwamba amejiandikisha. Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Mfano wa hivi karibuni kutoka mashambani unaonyesha kwamba siyo.

Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya iliendesha mpango wa mbolea ya bei nafuu. Mfuko wa kilo 50 uliuzwa kwa shilingi 3,500, na kuanzia Agosti 2023 kwa shilingi 2,500. Wakulima walisajiliwa, na aliyesajiliwa alipelekewa arafa ya kumwezesha kununua mbolea katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao na vituo vingine. Katika nchi ya mahindi kama Uasin Gishu, ambako mbolea hutakiwa mvua za masika zinapoanza, arafa hiyo haikuwa taarifa ya kusomwa na kuwekwa. Mkulima asiyeipata hakuwa na jambo la kufuata ghalani.

Kiufundi mpango huo na WebSub vinafanana: kuna mtoaji, kuna kituo, kuna orodha, na kuna kupelekewa. Kisarufi vinatofautiana. Katika kusajiliwa, mtendaji ni ofisi, na mkulima ni mtendwa. Kitenzi hakisemi lolote juu ya nia yake. Katika kujiandikisha, kiambishi -ji- kinamrudishia mpokeaji utendaji: ndiye aliyetaka, naye ndiye awezaye kujiondoa. Ile hatua ya tatu ya WebSub, ambapo kituo hutuma neno la siri na kungojea lirudishwe, haina kazi nyingine ila kuthibitisha kwamba -ji- hiyo ni ya kweli. Kumwita mpokeaji wa namna hiyo msajiliwa ni kuifuta hatua hiyo kwa kalamu. Mteja nalo huongeza wazo la malipo ambalo halimo. Iwapo nomino moja yatakiwa, kanuni za uundaji zaruhusu mjiandikishaji. Iwapo urefu wake unachukiza, kishazi aliyejiandikisha kinatosha, kama ambavyo aliyejitolea kimetosha kwa miaka mingi.

Tofauti hii haiishii katika sarufi. Mwezi wa Julai 2013 kampuni ya Google ilifunga huduma yake ya usomaji iliyoitwa Google Reader, iliyokuwa imeanza mwaka 2005. Baadhi ya waliokuwa wakiitumia walihamia katika mitandao ya kijamii, ambako orodha ya anachoandikiwa mtu hutunzwa na kampuni, na kampuni ndiyo huamua ni kipi kati ya alivyovitaka kitangulie na kipi kisionekane kabisa. Hapo mtu hubofya mwenyewe, lakini anachopokea si kile alichojiandikishia. Ameanza kwa kujiandikisha na kuishia katika kusajiliwa. Katika utaratibu ulio wazi kama WebSub, mwandishi aweza kukibadili kituo, na msomaji aweza kuibadili programu, pasipo mmoja kumpoteza mwenzake. Kwa lugha ambayo waandishi wake wengi hawana gazeti wala mchapishaji nyuma yao, uwezo huo wa kumfikia msomaji kwa njia isiyo mali ya mtu mmoja si jambo dogo.

7. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba maandishi mapya huweza kumfikia msomaji kwa kufuatwa au kwa kuletwa, na kwamba njia ya pili huwezekana kwa kuwapo kituo kinachotunza orodha ya waliojiandikisha kwa hiari. Imependekezwa kwamba orodha ya mapya itumike badala ya mlisho. Kupeleka na kuletewa badala ya kusukuma. Kituo badala ya kitovu. Papo hapo badala ya mara moja au moja kwa moja. Na kujiandikisha badala ya kusajiliwa, isipokuwa pale ambapo mtu amesajiliwa kweli.

Mapendekezo hayo yote yametoka katika maneno yaliyomo tayari katika vinywa vya wasemaji. Mwanafunzi wa Plateau anazijua tofauti za -leta na -peleka, na za kujiandikisha na kusajiliwa, kabla hajaingia darasani. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba tofauti hizo ndizo zinazotenganisha chombo anachokitawala na chombo kinachomtawala, ili siku arafa itakapolia mfukoni aweze kuuliza ni nani aliyeliandika jina lake katika orodha ile.